Filamu Kumi na Nne Juani

Mlio wa kamera Biubwa aliusikia kabla hajamwona mwenye kamera. Alikuwa ameinama mlangoni pa duka la jumla, katikati ya Johannesburg, akichagua piko na hina, wapita njia wakimgonga mabega na wachuuzi wakiitana kwa lugha saba. Akageuka, akaiziba lenzi kwa kiganja.

"We baba, umeomba?" alifoka kwa Kiswahili, maana hasira humrudisha mtu kwao.

"Samahani sana, dada. Nilipiga picha mikono tu."

Biubwa aliushusha mkono kwenye lenzi. Mjapani! Mwembamba, fulana nyeusi iliyopauka, kizibao chenye mifuko isiyo na idadi.

"Kiswahili hicho umekiokota wapi?"

"Unguja. Nilisoma miaka miwili. Naitwa Ryohei, napiga picha za safari na mila za watu."

"Mila zenyewe huzijui. Kwetu mwanamke hapigwi picha kama jengo."

Ryohei akainama kuomba radhi mpaka kiunoni, mbele ya wauza nyanya. Biubwa, aliyekuwa amejitanda mtandio wa rangi ya zabibu juu ya baibui, akacheka hata akaushika ukuta. Kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Basi yakaanza ya simu. "Umekula, laazizi?" "Nimekula mkate na chai." "Hicho si chakula, hiyo ni adhabu. Njoo kwangu Rosettenville uje kula wali."

Biubwa alikuwa mpambaji wa maharusi wa watu wa pwani mjini humo. Aliwachora piko, akawafukiza udi, akawafunda. Mlangoni kwake pana kikapu, na kila simu lazima iwekwe humo, hata ya mama wa bi harusi. Kwa kikapu hicho akina mama walimwamini na binti zao, na kwa imani hiyo aliishi.

Ryohei naye alipiga kwa filamu, si kwa kamera za kisasa, na kwa kuwa filamu haipendi joto na nyumba aliyopanga Troyeville haikuwa na friji, mikebe yake ilikaa kwenye friji ya Biubwa, kando ya samaki. Siku moja alikuwa akimpiga picha za mikono uani, Biubwa akianika kanga. Upepo ukauchukua mtandio, nywele zikamwagika, kamera ikalia.

"Ifute!" Biubwa alijifunika kanga mbichi.

"Filamu haifutiki, kipenzi. Lakini hakuna atakayeiona. Nakuahidi."

Biubwa alinuna, lakini ukweli ni kwamba alifurahi kutazamwa vile. Akayaacha yapite. Mwezi uliofuata Ryohei alisafiri kwenda Unguja kupiga picha za kitabu chake, akarudi na mikebe kumi na minne ya filamu ambazo hazijasafishwa, akaiingiza frijini. Maonyesho yake ya kwanza Afrika yalikuwa yafunguliwe Troyeville wiki hiyo hiyo.

Ijumaa asubuhi Jeanne, fundi cherehani Mkongomani aliyekaa naye nyumba moja, alimjia na simu mkononi. "Biubwa, ni wewe huyu? Mais, lakini ni wewe kabisa!"

Ilikuwa picha kubwa kuliko mlango, imebandikwa nje ya ukumbi wa maonyesho. Kichwa wazi, nywele mgongoni, anacheka. Hajamaliza kuitazama, Bi Mayasa, mama wa bi harusi wa wiki ijayo, akapiga simu.

"Biubwa, mwanangu. Nusaiba hatumleti tena kwako."

"Bi Mayasa, nisikilize kwanza..."

"Nikusikilize nini? Wewe ndo uliyekuwa ukitunyang'anya simu mlangoni. Leo kichwa chako ki barabarani, karibu na robot, hapo kwenye taa za magari, mateksi yanasimama kukitazama!"

Kufika alasiri harusi tatu zilikuwa zimeondoka. Biubwa hakulia. Aliketi kitandani akasaga meno. Ryohei alipiga simu mara kumi na moja, kila mara Biubwa akaitazama ikiita mpaka ikakoma.

"Ongea naye kwanza," Jeanne alimsihi.

"Yeye aliongea na mimi? Dawa ya moto ni moto."

Akangoja jua. Jumamosi saa sita, jua la kipupwe likiwaka uani, alitoa mikebe yote kumi na minne. Kila mmoja aliufungua kwa kifungua chupa, akaivuta filamu taratibu mpaka mwisho, akaibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Filamu ikiona mwanga kabla ya kusafishwa imekufa, Ryohei mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Kila alipobana moja aliona raha, raha hasa, kifua kikipoa. Alipomaliza akaweka kiti kivulini akamngoja.

Ryohei aliingia mbio, mikono imejaa gundi na vipande vya karatasi. "Biubwa, nimeibandua! Nimezitoa zote. Maonyesho nimeyavunja, mwenye ukumbi amesema hatanipokea te..."

Akaiona kamba.

"Kumi na nne," Biubwa alisema. "Zihesabu. Wewe umeuza kichwa changu, mimi nimeua macho yako. Tumelipana."

"Mimi niliikataza picha ile."

"Muongo!"

Ryohei alitoa mfukoni karatasi yenye picha ndogo ndogo za filamu nzima, ile aliyompa mwenye ukumbi ajue za kutundika. Picha nyingi zilizungushiwa duara jekundu. Moja tu, ya Biubwa, ilikuwa na alama ya vema.

"Vema hii hapa! Umeipitisha kwa mkono wako!"

"Hiyo..." Ryohei aliigusa alama kwa kidole. "Kwetu mwalimu akikutilia hiyo, umekosa. Jibu sahihi hutiwa duara. Nilitia duara za kuonyeshwa, nikatia hiyo kwenye moja isiyoruhusiwa. Yeye akadhani ndiyo bora kuliko zote, ya kuwekwa nje. Nimeijua jana. Ndiyo maana nilikupigia."

Biubwa alitaka asimwamini, maana kumwamini kungekuwa msiba. Lakini alimjua, mtu huyu hakuwahi kumwongopea hata kuhusu chumvi ya mchuzi.

Ryohei alikuwa akiokota mikebe chini, akisoma namba alizoandika. Kwenye namba tisa akasimama. "Hii ilikuwa ya mama yako."

"Mama yangu yupi?"

"Makunduchi. Nilikwenda kuposa. Maisha yake yote amekataa picha. Akasema, kwa kuwa mwanangu sijamwona miaka tisa, mpelekee uso wangu. Nilitaka uione siku nikikuvisha pete."

Akazitoa filamu kambani moja moja, akazikunja, akazitia begini, akaondoka bila kuaga. Biubwa alianza kuchomoa vibanio kambani, kimoja kimoja. Raha yote ya saa sita ilimgeukia majuto.

Jumatatu alimpigia mama yake ili akiri. Mama hakumpa nafasi.

"Mjapani wako kanipigia simu jana, kalia weye! Ati kaziacha filamu juani kwa uzembe wake. Nimemtukana mpaka basi."

"Kasema ni uzembe wake?"

"Ndo alivosema. Anataka aje tena. Nikamwambia uso wangu si mchezo. Akiutaka, aje na weye unitazame kwa macho yako."

Biubwa aliikata simu polepole. Karatasi zake za kukaa Afrika Kusini zilikwisha zamani. Akitoka, miaka mitano haruhusiwi kurudi. Ndiyo sababu ya kutokwenda kwao miaka tisa. Akaufuta uso, akapiga namba ya Ryohei.

"Kwa nini umemwongopea mama yangu?"

"Angekuchukia."

"Ryohei, mimi sikukosea. Nilikusudia uumie. Lijue hilo."

"Nalijua."

"Una hasira?"

"Sana. Sijui zitakwisha lini."

"Na mkwe bado wamtaka?"

"Namtaka. Na binti yake pia."

"Basi kata tiketi mbili," Biubwa alisema. "Yangu ya kwenda tu."