Mtoto Aliyeinama Kila Alipoamka

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, mtoto aliamka na kuinamisha kichwa.

Alikuwa na umri wa miezi sita. Bibi yake alikuwa amempakata kitandani. Kichwa kilishuka mbele ghafla. Mikono yote miwili ikanyanyuka, ikafunguka pembeni, kisha ikarudi. Tendo lote halikuzidi sekunde mbili.

"Marahaba, mjukuu wangu," Bibi akasema.

Mtoto akainama tena.

"Marahaba tena. Huyu kazidi adabu. Baba yake hakuwa hivi."

"Mimi nilikuwaje?" Baba akauliza. Alikuwa mlangoni anafunga vifungo vya shati.

"Wewe ulikuwa unanitemea uji."

Mama alicheka huku akishika simu. Alikuwa anarekodi. Alirekodi karibu kila asubuhi, akawatumia ndugu. Mtoto walimpa jina la utani la Balozi, kwa sababu aliinamia kila mtu kama mgeni wa serikali. Asubuhi hiyo aliinama mara kumi na moja. Baada ya hapo akalia sana.

"Njaa hiyo," Bibi akasema.

Baba alikuwa fundi wa saa. Mtaa mzima walimwita Fundi, hata mke wake. Mama alifanya kazi katika duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Bibi, mama yake Fundi, ndiye aliyebaki na mtoto mchana.

Kulikuwa na jambo jingine, lakini halikuchekesha, kwa hiyo hakuna aliyelirekodi. Zamani Balozi aliposikia funguo za baba yake, aligeuka na kuzikodolea macho. Siku hizi hakugeuka. Hata kutabasamu alikuwa ameacha. Mama alifikiri mtoto amechoka. Wiki mbili kabla alimpeleka zahanati kwa sababu ya kile kilio cha asubuhi. Mtoto hakuinama hata mara moja mbele ya tabibu. Tabibu alisema ni gesi tumboni, akatoa dawa ya maji. Mama alimpa mtoto dawa hiyo kama alivyoelekezwa. Kilio hakikupungua.

Saa nne asubuhi, Fundi alikuwa dukani. Duka lilikuwa na meza moja ya kioo, taa moja na droo ishirini na nne. Ukutani aliandika kwa mkono wake: KAZI NI KWA ZAMU. Kila saa iliyoletwa ilipewa namba. Aliyetangulia alitangulia. Diwani aliwahi kuja akiwa na haraka, akapewa namba kumi na tisa.

Aliingia muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali ya wilaya. Alikuja kuchukua saa yake, ile ambayo wauguzi huibandika kifuani. Alikuwa ameisubiri siku nane.

"Sista, saa yako hii hapa. Sasa haipotezi hata sekunde."

"Siku nane, Fundi. Wagonjwa wangu wamepona wote nikikusubiri wewe."

"Zamu ni zamu, Sista. Ngoja nikufurahishe kidogo. Mwone Balozi wetu."

Alimpa simu. Muuguzi alitabasamu, akaanza kutazama. Kisha tabasamu likaondoka. Alirudisha video mwanzo. Safari hii aliishika ile saa yake mkononi na kuhesabu.

Fundi alingoja kicheko. Hakikuja.

"Anafanya hivi akiamka?" muuguzi akauliza.

"Kila akiamka."

"Mara nyingi kwa mfululizo?"

"Leo kumi na moja."

"Anacheka bado? Anafuata vitu kwa macho?"

Fundi alifungua mdomo kujibu. Alikumbuka funguo. Zilikuwa juu ya meza, mbele yake. Akatikisa kichwa.

"Fundi, sikiliza. Mimi si daktari, siwezi kusema huu ni ugonjwa gani. Lakini hii si salamu. Inafanana na kifafa cha watoto wachanga, aina adimu. Hakuna kuanguka wala povu. Mtoto anajikunja tu, anaachia, anajikunja tena. Watu wanadhani ni tumbo au ni mchezo. Wakati huo ubongo wake unavurugika."

"Kifafa," Fundi akasema. "Huyo kwenye video?"

"Huyo. Funga duka. Mchukue mama yake, mchukue mtoto, njooni wodini leo. Si kesho. Na hizo video usifute hata moja."

Fundi alifunga duka saa nne na dakika ishirini na tano. Alisahau kuzima taa.

Nyumbani, Bibi alisikiliza yote akiwa amesimama. Kisha akakaa chini sakafuni, ingawa kiti kilikuwa hapo hapo.

"Na mimi nilikuwa naitikia marahaba," akasema.

Mama alikuwa ameitwa kutoka kazini. Alifungua simu, akazipanga video kwa tarehe. Zilikuwa kumi na nne. Ya kwanza ilikuwa ya siku kumi na tisa zilizopita. Katika ile ya kwanza Balozi aliinama mara tatu. Katika ya mwisho, mara kumi na moja. Alizitazama zote bila sauti.

Bibi ndiye aliyezungumza tena. "Kuna tangazo kwenye nguzo ya umeme kule njia panda. Mtaalamu wa ubongo. Nimeliona kwa macho yangu."

"Linasemaje, mama?" Fundi akauliza.

"Anatibu ubongo, kifafa, mapenzi na kufeli mitihani."

"Twende kwa Sista, mama."

Saa nane mchana walikuwa hospitali ya wilaya. Daktari wa watoto alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache. Alimpima mtoto kichwa kwa futi ya kamba. Alizima taa ya chumba, akamulika ngozi kwa taa maalumu, akitafuta madoa meupe yanayoweza kuonyesha chanzo. Hakuyaona. Alitazama video mbili, akaweka simu mezani taratibu.

"Nitawaambia ukweli. Ugonjwa huu nimeusoma. Niliwahi kuona mtoto mmoja mwenye dalili hizi, miaka tisa iliyopita, nikampeleka kwingine. Anayehitajika ni daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, tena wa watoto. Wa watu wazima hatoshi. Wapo wachache sana. Ninayemjua yuko hospitali kuu ya rufaa."

Alipiga simu. Karani wa kliniki akajibu. Walisikia sauti yake wote. Nafasi iliyo wazi ilikuwa baada ya wiki kumi.

"Wiki kumi," daktari alirudia, akaandika.

Fundi alisimama. "Asante, daktari. Kama ndiyo zamu yetu, tutasubiri."

Alitoka na familia yake. Muuguzi aliwakuta kwenye korido, karibu na mizani ya watoto.

"Mmepata?"

"Wiki kumi."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema asante. Sista, wametutangulia watu. Siwezi kuwaruka. Mimi mwenyewe dukani simruki mtu."

Muuguzi alimtazama. "Nikikuletea saa iliyoingia maji, unanipa namba?"

"Hiyo hapana. Hiyo naifungua pale pale."

"Kwa nini? Si kuna watu wametangulia?"

"Ikikaa hata siku mbili, inaota kutu ndani. Nikija kuifungua, mashine imekwisha." Mama alishamwelewa muuguzi kabla ya Fundi. Alikuwa amemgeukia mumewe.

"Rudi ndani, baba Balozi," Mama akasema. "Rudi ukaseme hivyo hivyo."

"Kila wiki ina maana," muuguzi akasema. "Bila shaka karani wa kliniki hakuambiwa mtoto ana nini. Aliambiwa ni mgonjwa mpya, akampa nafasi ya mgonjwa mpya. Omba daktari azungumze na bingwa mwenyewe. Aseme ni dharura. Aseme ni miezi sita, anajikunja kwa mfululizo, ameacha kutabasamu. Na video itangulie, kabla yenu. Akikosa nafasi huyo, muulize yeye mwenyewe: nani mwingine? Mabingwa wanajuana. Jina lolote utakalopewa, ulizia kwenye baraza la madaktari kama limesajiliwa, na kama ni bingwa wa nini."

"Na yule wa kwenye nguzo, anayetibu ubongo, mapenzi na kufeli mitihani?" Bibi akauliza.

"Ubongo, mapenzi na mitihani? Huyo, Bibi, baraza halijamsikia."

Walirudi ndani. Fundi alisimama mbele ya meza ya daktari. Hakuzoea kuomba kutangulizwa.

"Daktari, naomba upige tena. Usizungumze na karani. Mtoto wangu hawezi kukaa wiki kumi. Naomba bingwa aione video hii sasa."

Daktari alimtazama kidogo. "Ni kweli," akasema. "Ilikuwa kazi yangu kuomba hivyo." Akachukua simu.

Mama alituma video tatu. Saa tisa na dakika arobaini bingwa alijibu. Waje Alhamisi, saa mbili asubuhi, na barua ya rufaa. Usiku wa kuamkia Alhamisi mtoto alale kidogo, ili asinzie wakati wa kipimo.

Jumanne Mama aliandaa karatasi dukani kwake. Kazi ya kila siku ilimsaidia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe ya kila video na idadi ya kuinama. Wa pili, alichokuwa anaweza mtoto zamani na alichoacha. Wa tatu, mimba, uzazi, chanjo na dawa alizowahi kupewa. Alitoa kopi mbili. Mwajiri wake alisoma ukurasa wa kwanza, akakataa malipo ya kopi. Nyumbani, Fundi alihesabu sekunde kati ya kuinama na kuinama. Zilikuwa nane, tisa, nane, kumi, nane. Alizijua saa mbovu nyingi. Hakuwahi kuogopa mwendo wa kitu kama alivyouogopa huo.

Alhamisi saa mbili na robo waliingia kwa bingwa. Alikuwa kijana kuliko walivyotarajia. Alisoma kurasa zote tatu bila kuinua kichwa. Kisha akaomba video yenye mfululizo mrefu, akaiweka kwenye kompyuta kubwa.

Sauti ikajaa chumba. "Marahaba, mjukuu wangu." Kicheko cha watu watatu. "Marahaba tena."

Bibi alijifunika uso kwa kanga.

"Zima sauti, daktari," Mama akasema. "Nakuomba."

"Naomba iendelee," bingwa akajibu. "Picha ina giza hapa mwanzoni, mikono haionekani vizuri. Lakini kila mnapocheka, najua mkunjo mmoja umeanza. Mama, video hii ni nzuri. Wengi huja hapa mikono mitupu, na mtoto akifika mbele yangu hafanyi kitu."

"Tulikuwa tunamcheka mgonjwa."

"Mlikuwa mnamtazama. Ndiyo maana mko hapa siku ya ishirini na mbili. Wengine hufika baada ya miezi."

Mpimaji wa umeme wa ubongo alibandika nyaya ishirini na moja kichwani kwa mtoto kwa uji mzito kama gundi.

"Mnampiga shoti?" Bibi akauliza.

"Hapana, Bibi. Mashine hii inasikiliza tu, haisemi kitu. Haiumi."

Mtoto alisinzia. Kwenye kioo, mistari ilipanda na kushuka bila mpangilio wowote. Fundi hakuwahi kuona mashine hiyo, lakini mwendo uliovurugika aliutambua. Mtoto alipoamka, aliinama mara sita. Safari hii hakuna aliyeitikia.

Bingwa alithibitisha ugonjwa saa sita mchana. Alisema chanzo bado hakijulikani, kwa hiyo picha ya ubongo na vipimo vya damu vitafuata. Alisema dawa ianze siku hiyo hiyo. Ilikuwa vidonge vya kusagwa, kwa vipimo maalumu. Mtoto atapimwa shinikizo la damu na sukari hospitali ya wilaya. Mwenye kikohozi asimbebe. Akipata homa, aletwe mara moja.

"Dawa hii msiiache ghafla, hata akionekana mzima," akasema. "Kuiacha kwa ghafla ni hatari. Mimi nitawaambia ipunguzwe lini."

"Atakuwa sawa?" Fundi akauliza.

"Sijui. Baadhi hukua vizuri, baadhi hubaki na shida. Mambo mawili tunayoyamudu ni kuanza mapema na kutokosa dozi. Nipeni hayo."

Fundi alinunua daftari la kuandikia idadi ya kuinama kila siku. Siku ya kwanza ya dawa aliandika 41. Siku ya tano, 17. Siku ya nane, 3. Siku ya kumi aliandika sifuri, akakaa dakika nyingine thelathini, akaitazama tena sifuri yake. Mtoto alivimba mashavu na kulia kwa njaa kila saa. Hayo waliambiwa mapema, kwa hiyo hawakuacha dawa. Dukani, chini ya tangazo la zamu, aliongeza mstari mmoja: ILIYOINGIA MAJI ITATANGULIA.

Siku ya kumi na tano walirudi kwa kipimo cha pili. Mistari ilikuwa imetulia. Bingwa aliwaonyesha karatasi mbili, ya kwanza na ya pili, zikiwa sambamba. Hakuhitaji kueleza.

Siku ya ishirini na tatu, saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi, mtoto aliamka. Bibi alimpakata na kunyamaza. Mama alishika simu. Fundi alishika saa. Dakika tano zikapita, kisha kumi, kisha ishirini. Mtoto hakuinama.

Fundi alichukua funguo ili aende dukani. Zikagongana.

Mtoto aligeuza kichwa. Macho yakazitafuta funguo, yakazipata, yakabaki hapo. Kisha akatabasamu.

Mama aliandika kwenye daftari: Saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja. Kageuka. Katabasamu. Tumeona wote watatu.