Mstari Mnyoofu Kupita Kiasi

Saa nane mchana, wodi nzima ikisinzia kwa sauti ya mvua, mama mmoja aliingiza mkono kwenye inkubeta, kile kisanduku cha kuwatia joto watoto njiti, amguse mwanawe, akakuta kumepoa. Hita ilikuwa imezima. Kitoto kilikuwa hai, lakini midomo imegeuka buluu, na ukelele wa mama yule uliamsha jengo zima.

Nesi wa zamu alikuwa mdogo wake Mama Waya, fundi wa vifaa vya hospitali, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hakosi kipande cha waya mfukoni. Matroni hakumung'unya maneno: mashine haijizimi, kuna mkono umeizima, na mkono uliokuwa karibu ni wa nesi. Kesho yake asubuhi angefukuzwa kazi.

Mama Waya alianza na mfagizi, maana alionekana akihangaika karibu na soketi. Kumbe hiyo ilikuwa asubuhi. Saa nane alikuwa ghorofa ya chini akisukuma kitanda, na wagonjwa wakamshuhudia. Nesi naye alilia tu, akiapa hakugusa kitu. Dada mtu alimwamini, lakini kuaminiwa na dada hakumbakishi mtu kazini.

Akateremka karakana. Mkuu wa karakana, mzee aliyemfundisha kazi tangu hajui hata kushika koleo, alikuwa ameshaletewa inkubeta na kuipima. Akamwonyesha oskiloskopu, kile kifaa kinachochora umeme kwenye kioo: mstari wa kijani umejilaza kimya. Umeme safi, akasema kwa upole, mashine haina kosa. Mvua iligonga bati, na pembeni redio ya kaseti ya mzee ilitoa sauti nyororo ya mwanamke akiimba. Kope zikamlemea Mama Waya, akajiona kama anaelea.

Nyororo? Miaka yote redio ile ilikuwa ikikoroma mpaka mafundi wakaitania. Akazinduka.

Hata mstari ulikuwa mnyoofu kupita kiasi. Akatazama pembe ya kioo: hali ya wastani. Yaani kifaa kinachukua michoro mingi, kinaichanganya kuwa mmoja, na kila kinachorukaruka ovyo kinamezwa. Mzee huyuhuyu ndiye aliyemfundisha kwamba kelele, yaani miruko ya umeme, haitafutwi katika hali hiyo. Akabonyeza hali ya kunasa vilele, ile isiyopitwa na mruko hata uwe mfupi namna gani. Lahaula! Mstari ukaota miiba kutoka ncha hadi ncha. Miiba hiyo ndiyo iliyoikanganya mashine, ikadhani mtoto anaungua, ikazima hita. Alipofungua kifuniko, mahali pa kichujio, kifaa kinachozuia miruko ya umeme, palikuwa na kipande cha waya kilicholehemiwa juzijuzi.

"Mwalimu," akauliza taratibu, "redio yako imeacha kukoroma lini?"

Mzee akaketi. Akainyooshea redio kidole.

"Huyo ni marehemu mke wangu," akasema. "Nimebaki na kaseti hiyo moja. Mkoromo ulikuwa unanisahaulisha sauti yake, binti. Nikachomoa kichujio cha inkubeta, nikakitia redioni, nikadhani mashine itavumilia."

"Na mdogo wangu?"

"Niliogopa."

Hita ilipozima mzee alijua sababu papo hapo, ndipo akachagua hali ya wastani ili kila atakayetazama aone mstari mzuri. Mama Waya alitaka kumfokea, akajizuia. Alimpenda mzee yule kama baba yake, na saa ile alimchukia. Akamwambia tu kwamba mtoto anangoja.

Mzee alikitoa kichujio redioni na kukirudisha kwenye inkubeta kwa mkono wake. Miiba ikafutika katika hali ileile ya vilele. Kisha akapanda kwa matroni, akasema yote kwa kinywa chake, na nesi akarudi wodini macho yamevimba.

Jioni Mama Waya alimkuta mzee karakana akisubiri hukumu yake, sikio kwenye redio inayokoroma. Akavuta kigoda, akakaa.

"Hapo anacheka," mzee akanong'ona. "Umesikia?"

Mama Waya hakusikia kitu ila mkoromo. Akaitikia kwamba amesikia.