Ulizo la Mistari Sita

Saa 2:05 asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la kinyozi kilinuka spiriti. Kinyozi mwenyewe, kiongozi wa kazi, alisukuma mlango kwa goti. Ndani walikuwa watatu tu: yeye, shemeji yake Dereva, na Sindano.

"Rudia, Sindano. Polepole. Shemeji yangu kichwa chake kigumu kama kifuu."

Sindano aligeuza kompyuta. Duka la mtandaoni walilopanga kuliibia, yeye ndiye aliyelitengenezea kurasa zote, kuanzia rangi za mbele hadi lebo ya kifurushi.

"Lebo haina akili," alisema. "Oda ikiingia, kiolezo cha lebo kinatuma ulizo, yaani ombi la taarifa, kwenye API, dirisha la data za duka. Nipe jina. Nipe simu. Nipe anwani. Kinachorudi ndicho kinachochapwa. Sasa ulizo nalibadilisha. Oda ikiwa ya kamera, lisiombe anwani ya mteja. Liombe ya tawi. Na tawi nimelipachika mimi."

"Tawi gani?" Dereva aliuliza.

"Ile nyumba tupu, bwege wewe. Kamera themanini zinatoka leo. Msafirishaji anasoma lebo, hasomi mioyo ya watu."

Walicheka. Sindano alicheka kuliko wote. Miaka minne alikuwa akifanya kazi peke yake chumbani. Zikipita siku tatu bila kusema na mtu, sauti ilimkwaruza akienda kununua mkate. Hawa walimpa jina. Walimwekea kiti. Kinyozi alimwita mwanangu.

"Damu yetu moja," Kinyozi alisema. "Dereva akipokea mzigo wa kwanza, atakupigia."

Saa 3:20.

Chumbani kwake. Mistari sita. Aliijaribu kwa oda ya uongo. Lebo ikatoka na anwani ya nyumba tupu.

Ujumbe ukaingia. Meneja wa duka, mtu ambaye hakuwahi kumwona wala kusikia sauti yake. "Umeamkaje, dada? Leo mzigo mkubwa. Ukurasa ukigoma, niokoe."

"Salama, kaka," Sindano aliandika. Akakiweka kiolezo kipya mtandaoni.

Saa 4:00.

Magari yalitoka ghalani.

Saa 5:15.

Simu kimya. Alimpigia Dereva. Hapatikani. Kinyozi naye hapatikani.

Alifungua taarifa za usafirishaji. Vifurushi sabini na vitatu vimeshapokelewa. Kwenye nafasi ya mpokeaji, mara sabini na tatu, lilikuwa jina lake. Jina la kwenye kitambulisho, ambalo genge zima lililijua na halikuwahi kulitumia kumwita. Dereva alikuwa amepokea kwa jina hilo.

Alivaa viatu, akakimbilia kwa Kinyozi.

Saa 5:50.

Kufuli mlangoni kwa Kinyozi. Nyuma ya kioo, ukuta mtupu. Fundi viatu wa jirani aliinua macho.

"Wamehama asubuhi hii, na viti vyao. Hawakukuaga?"

"Wameniaga," Sindano alisema.

Saa 6:30.

Alirudi, akafuta mistari yake. Vifurushi saba vilikuwa bado njiani. Alimwandikia msafirishaji avirudishe ghalani. Akaketi kitandani bila kuvua viatu.

Simu ikaita. Sauti ya mwanamume, nzito, yenye mafua.

"Dada, ni mimi, meneja. Mtu mmoja kupokea kamera zote hizo, nimeshtuka, nimewaita polisi. Jina lako liko kila mahali. Nimewaambia umeibiwa nywila. Sema tu siyo wewe, nitakusimamia."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu.

"Ni mimi, kaka. Ulizo nililiandika kwa mkono wangu. Wenzangu wawili nitawataja."



"Kwa nini? Ulikuwa na shida? Si ungesema?"

"Ningemwambia nani?"



"Mimi," meneja alisema.

Nje gari lilifunga breki. Milango miwili ikabamizwa. Viatu vikaanza kupanda ngazi.

"Wamefika," alisema. "Kaka, tafadhali. Usikate kwanza."

Meneja hakukata. Sindano alimsikia akipumua, pumzi kwa pumzi, mpaka mlango ulipogongwa.