Vidonge vya Shangazi

Asubuhi lifti ya jengo la madaktari ilipogoma, ukumbi wa chini ulifurika watu, na kila mmoja alikuwa bingwa wa kulalamika. Katikati yao alisimama msusi mmoja, gauni la njano, kilemba kimefungwa ovyo, mikononi kambeba mbwa mkubwa kama mtoto mchanga. Mbwa huyo aliitwa Shangazi, kwa sababu tangu udogoni alimtazama kila mgeni kama anayetaka kujua ataoa lini. Leo hakumtazama mtu.

Fundi wa lifti alitoa kichwa mlangoni, ovaroli ya bluu, grisi mpaka masikioni.

"Dada, unapanda wapi?"

"Juu kabisa. Kwa daktari wa wanyama."

"Hii leo haiendi hata kwa maombi. Nipe huyo."

"Utamchafua."

"Nikimchafua nitamwogesha. Nikikuachia, mtaanguka wote wawili."

Fundi akambeba, akapanda ngazi akihema, akimnong'oneza Shangazi, "Bibie, umelishwa vizuri wewe." Msusi alijikuta anacheka.

Juu hakukuwa na kicheko. Daktari alimfunua mbwa mdomo, akaona fizi zimepauka na macho yana manjano. Akachukua damu, akawaacha wasubiri, akarudi na sauti ya chini.

"Askari wa mwili wake wamechanganyikiwa. Wanazivunja chembe nyekundu za damu yake mwenyewe, wanadhani ni adui."

"Nimemlisha nini mimi?"

"Hukumlisha kitu. Mara nyingi hata sisi hatujui kinachoanzisha. Atakunywa vidonge vya kuwatuliza hao askari, asubuhi na jioni, bila kukosa."

"Atapona?"

"Wapo wanaopona, wapo wasiopona."

"Sawa," alisema msusi, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Moyo ulikufa ganzi palepale. Fundi hakuwa na shughuli tena chumbani humo, lakini alibaki mlangoni, na ni yeye aliyeona kwamba dada wa watu anajifunga mkanda wa shingoni wa mbwa mkononi mwake mwenyewe. Akaufungua taratibu, akamvalisha Shangazi. Kisha akaomba namba ya simu.

Tangu siku hiyo simu haikupoa.

"Halo mrembo. Shangazi kaamkaje?"

"Kala. Kalala."

"Na wewe?"

"Nimekula. Nimelala."

"Hayo ni majibu ya Shangazi. Yako yako wapi?"

"Fundi, acha uchokozi."

"Nimeacha. Jioni nije?"

"Njoo."

Alikuja amepiga pasi shati, ananukia sabuni, kucha bado nyeusi. Msusi alimpenda, hilo tusifichane. Alipenda anavyocheka mwenyewe kabla hajamaliza utani wake. Lakini furaha ilimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Akishikwa mkono, aliutazama mkono.

Mama yake alipiga simu kuuliza. "Mwanangu, mbwa ana daktari, mimi magoti yananiuma mwaka mzima hata pole sijapewa."

"Pole mama."

"Umepoa sana wewe. Bora hata ungenijibu kwa hasira."

Wakagawana kazi. Asubuhi msusi alikwenda na Shangazi saluni, akampa kidonge chake huko, kimefichwa ndani ya kipande cha nyama. Jioni wateja humchelewesha, basi fundi alipewa ufunguo wa nyumba, akawa anampitia Shangazi saluni, anampeleka nyumbani na kumpa cha pili kwa mtindo uleule. Shangazi akapata nguvu, akaanza tena kuwakagua wageni. Halafu fizi zikapauka upya.

Siku moja msusi aliinua mto wa kochi kutafuta kitana. Chini yake vilikuwepo vidonge, vimelowa na kukauka, vimegandana na manyoya.

"Hivi ni nini?" alimuuliza fundi, kamfuata mpaka jikoni.

Fundi alivitazama. "Mpenzi, nilimpa. Kwa mkono huu."

"Ukampa nani, kochi?"

"Nilimwona akimeza!"

"Ulichoka, useme umechoka. Kwa nini unidanganye?" Hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza mwenzake. "Acha ufunguo mezani."

"Basi tukana angalau, nijue nimekukosea."

"Acha ufunguo, fundi."

Akauacha. Simu zake hazikupokelewa. Shangazi akazidi kulegea, mkojo ukawa na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, na msusi akaendelea kusuka vichwa vya watu, mistari imenyooka kama kawaida, macho makavu.

Asubuhi aliyotakiwa kumrudisha kwa daktari, kitana kilimponyoka kikaingia nyuma ya sinki la kuoshea nywele. Mteja akiwa na povu kichwani, msusi alipiga magoti akapapasa. Mkono ulirudi na vidonge. Vimelowa, vimekauka, vimegandana na nywele. Pale hakuwahi kutoa kidonge mtu mwingine zaidi yake. Tangu apate nguvu, Shangazi alikuwa anakula nyama, anaweka kidonge shavuni, anakwenda kukitema pembeni. Kawachezea wote wawili.

"Dada, povu linaniingia machoni," mteja alisema.

Alimsuuza, akamwomba radhi, kisha akapiga simu.

"Fundi."

"Nakusikia."

"Hata mimi alinitemea. Nimeviona leo. Nilikuonea bure."

"Yuko wapi?"

"Nampeleka. Hawezi kusimama."

"Natoka."

Alifika na ovaroli yake ya kazini. Daktari alikuwa ameshajaribu kumwongezea damu, na hiyo nayo inavunjwa. "Hata angemeza vyote, huenda ugonjwa ungerudi tu," alisema. "Ni mkaidi huu. Sasa kachoka, na anaumia. Tumpumzishe kwa sindano."

Msusi aliitikia kwa kichwa. Alimshika Shangazi sikio, lile laini la kushoto, mpaka lilipokuwa sikio tu.

Nje kwenye benchi, fundi alilia kwa kwikwi, mwanaume mzima, watu wanapita wanageuka. Msusi alivua kilemba akampangusa uso.

"Nisamehe," alisema.

"Yameisha hayo. Mbona wewe hulii?"

"Sijui. Sisikii kitu. Nimekuwa hivi tangu siku ile ya kwanza."

"Basi kaa tu. Nitalia mimi."

Wakakaa. Magari yakapita.

"Fundi, nioe."

Aligeuka kwa mshtuko. "Leo? Mpenzi, umefiwa. Hujui unachosema."

"Najua. Leo sina furaha, sina huzuni, sina hata njaa. Na bado nataka uwe hapa ulipokaa. Siku nikianza kusikia, si nitakupenda mpaka ukimbie?"

Fundi alitaka kutania, akashindwa. Akautwaa mkono wake. Safari hii msusi hakuutazama, aliukaza.