Nilitoa Breki Ili Bei Ishuke

Elfu sita. Hizo ndizo pesa nilizookoa siku hiyo, na nilizihesabu mara mbili kabla ya kuzirudisha kwenye kibeti. Zimenigharimu mguu wa kushoto wa ndugu yangu, ng'ombe wa mtu asiye na hatia, na usingizi... Wasomaji wenzangu, hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi. Haibadiliki.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja. Nina watoto watatu na kibanda cha spea kuukuu za pikipiki mjini Kitale, upande wa kuelekea Kipsongo. Sikusoma sana, lakini kwa mambo ya bei hakuna aliyewahi kunishika. Wenzangu sokoni huniita Mama Punguza, na mimi huitika.

Mbinu yangu ni moja. Muuzaji akikwama kwenye bei, usibishane naye. Anza kufungua kitu. Mwambie, hii taa baki nayo, hiki kiti baki nacho, sasa ni ngapi? Atashuka tu. Taa utaipata kwingine kwa nusu. Sisi watu wa spea ndivyo tunavyoishi... kitu kizima hatukioni, tunaona vipande.

Ndugu yangu mdogo nitamwita Wekesa. Ana miaka thelathini, na nyumbani kwetu ni huko upande wa Naitiri. Kazi yake ilikuwa kukusanya maziwa ya wakulima na kuyafikisha barabarani kabla gari la maziwa halijapita. Alikuwa na pikipiki ndefu ya matope, ya magurudumu yenye meno, ile wanayoshindania porini. Lakini mvua ya mwaka huu, bana! Udongo wetu mwekundu uligeuka sabuni. Hata hiyo pikipiki ilikwama, maziwa yakachacha, na wakulima wakaanza kumtafuta mtu mwingine.

Hapo ndipo mimi, dada mwenye akili nyingi, nikaingia.

Kuna mtu hapa mjini huuza vyuma vilivyotumika kutoka nchi za baridi. Siku moja nilikuta uani kwake kitu ambacho sijawahi kuona. Mkanda mpana wa mpira, una meno kama wa tingatinga, umezungushiwa fremu yenye springi. Kando yake kulikuwa na ubao mrefu wa plastiki, umekunjwa mbele kama ncha ya kiatu. Nikauliza ni cha nini.

Akanieleza vizuri, siwezi kusema alinificha. Huko kilikotoka theluji ikijaa, unatoa magurudumu yote mawili ya pikipiki. Mbele unafunga ule ubao, uteleze. Nyuma unafunga ule mkanda. Cheni ya injini inazungusha shafti ya kwanza, shafti hiyo inazungusha cheni ya pili iliyofungiwa ndani ya sanduku la oili, na hiyo ya pili ndiyo inayovuta mkanda. Alinionya pia kwamba plastiki za chini, zile ambazo mkanda huteleza juu yake, hupozwa na theluji. Mahali pakavu zitaungua.

Nikamwambia kwetu hakuna theluji, lakini matope tunayo ya kuuza nje.

Alianza na elfu sitini. Nikamshusha hadi arobaini na moja, akakwama hapo. Alikwama kabisa! Nikatazama vipande. Kwenye ile shafti ya kwanza kulikuwa na diski na kishikio chake, safi, ya bei. Nikamwambia afungue hiyo abaki nayo, anipe kwa thelathini na tano.

Akanitazama. "Mama, hiyo ndiyo breki. Magurudumu yakitoka, yanatoka na breki zake zote. Hii ndiyo moja inayobaki."

"Matope yenyewe ni breki," nikamjibu. "Fungua."

Akafungua. Mimi nikahesabu pesa... mara mbili.

Fundi niliyempelekea kitu hicho pamoja na pikipiki ya Wekesa nitamwita Simiyu. Kwao ni Bumula, lakini gereji yake iko hapa Kitale. Ni mtu mpole, anayepanga bolti zake juu ya gunia kwa mstari, kama mtu anayepanga watoto kanisani. Alifanya kazi hiyo siku tatu. Siku ya tatu akanipigia simu niende.

Aliniuliza breki ya hiki kitu iko wapi. Aliona kabisa mahali ilipokuwa inakaa. Nikamwambia ilikuja hivyo hivyo, wazungu hawaweki. Kwa nini nilidanganya? Niliona haya. Nilikuwa nimejisifu kwake jinsi nilivyomkamua yule muuzaji.

Simiyu akataka wiki moja atafute diski ya pikipiki nyingine aiunge. Wiki moja! Na maziwa yanachacha? Nilimbana, nikamwambia nitairudisha Jumatatu aimalizie. Akakubali shingo upande, akanituma neno kwa ndugu yangu. Nayakumbuka maneno yake yote.

"Mwambie asiteremke mlima na mzigo. Apande nao tu. Kuteremka, ateremke mtupu, mpaka nimtafutie breki."

Wekesa alipokuja kuichukua, aliizunguka akicheka kama mtoto. Akauliza, "Dada, fundi amesemaje?"

Nikajibu, "Amesema iko sawa."

Jamani... ningesema tu! Lakini mzigo wote wa maziwa uko juu mlimani, na gari la maziwa liko chini. Kutoteremka na mzigo kulikuwa na maana gani? Kulikuwa ni kukaa nyumbani.

Majuma mawili ya kwanza yalikuwa ya sifa. Kile kitu kilipita juu ya matope kama bata. Pikipiki nyingine zikiwa zimezama hadi tumboni, Wekesa anapita akiwapungia mkono. Ati wazee walitoka na viti kumngojea. Mama yetu alitoa ushuhuda kanisani. Wakulima walirudi wote na wengine wakaongezeka. Jumatatu ikafika, nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika... mnanielewa.

Na kweli matope yalikuwa breki. Ukiachia mafuta, mkanda unazama na kusimama wenyewe. Nilijiona mjanja kuliko walioiunda.

Kisha jua likawaka siku tatu mfululizo. Barabara ikakauka juu, ikawa ngumu kama sahani. Wekesa alinipigia simu akasema anasikia harufu ya plastiki kuungua, na ule ubao wa mbele haugeuki vizuri kwenye murram iliyokauka. Nikamwambia amwagie maji, mvua inarudi. Hivyo tu. Nilikuwa na mteja.

Asubuhi iliyofuata aliteremka na makopo mawili makubwa yaliyojaa. Katikati ya mteremko, cheni ya injini ikakatika. Cheni hiyo ikikatika, injini haishiki tena mkanda. Ule mkanda ukazunguka huru, na mzigo ukausukuma. Kama ile diski ingekuwa kwenye shafti, angesimama. Sisemi mimi... yule muuzaji ndiye aliyeniambia baadaye, nilipomrudia nikijifanya nauliza tu. Wekesa alitafuta breki kwa mguu, akakanyaga hewa. Akaenda nayo hadi kwenye kalvati, ikamlalia.

Hospitalini walikata mguu chini ya goti.

Mngedhani hapo nilisema ukweli? Sikusema. Kulifanyika kikao nyumbani kwa mama, mzee wa mtaa akiwa mbele, na Simiyu akaitwa. Alikuja peke yake, ameshika kofia mkononi. Hakujitetea. Alisema yeye ndiye aliyefunga, na fundi hatoi kazi isiyo na breki halafu akamlaumu mteja. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba lakini alituma neno, kijana asiteremke na mzigo.

Mzee wa mtaa akanigeukia. "Mama, uliambiwa hivyo?"

Watu wote walinitazama. Mama yangu, Wekesa na gongo lake jipya la kutembelea, majirani. Simiyu pia.

"Sikuambiwa kitu," nikasema.

Kuna mtu nyuma alicheka, akauliza ni fundi gani huyo anayetibu pikipiki kwa salamu. Wengine wakacheka naye. Simiyu aliniangalia, kisha akatazama kofia yake. Angeweza kupiga kelele, angeweza kuniapiza. Aliuliza tu wanataka nini. Wakasema ng'ombe. Baada ya wiki moja akamleta kutoka Bumula, ng'ombe wa maziwa, wa pekee aliyekuwa naye. Nilisikia mke wake alimsindikiza huyo ng'ombe hadi barabarani akiwa ameshika kamba.

Tangu hapo situlii. Naamka nafungua kibanda, nafunga, nafungua tena. Nimekwenda gereji ya Simiyu mara nne nikiwa nimejiandaa kusema. Mara ya kwanza nilimpelekea wilibaro ichomelewe, na haikuwa imevunjika. Aliigeuza, akaitazama, akaniambia, "Hii iko sawa, mama," akakataa pesa zangu. Mara zilizobaki sikufika mlangoni. Wateja wake wamepungua. Gunia la bolti bado analitandika, lakini bolti zenyewe ni chache.

Na Wekesa? Ananiamini kuliko zamani. Ananiita dada aliyemsimamia. Kila nikienda Naitiri ananikaribisha chai ya maziwa ya yule ng'ombe, na mimi nakunywa... mtu akataeje?

Ndugu zangu, hasa nyinyi wa biashara ndogo ndogo, punguzeni bei ya nguo, ya viazi, ya kiti. Lakini kitu kitakachombeba mtu, ulizeni kila kipande kinafanya kazi gani, na mkiambiwa, sikieni. Na fundi akikutuma neno, lifikishe jinsi lilivyo. Usilipunguze kama bei. Mimi nilijiona mjanja. Leo kila mtu mwaminifu katika habari hii ameumia, na mimi niliyedanganya ndiye ninayeitwa mwema.

Sasa naomba shauri. Wekesa ameamua kumuuza yule ng'ombe aweke pesa kwa mguu wa bandia, na amenichagua mimi nikamwuzie, ati hakuna anayenishinda kwa bei. Akishauzwa, sitakuwa na kitu cha kumrudishia Simiyu. Nikisema ukweli, ng'ombe atarudi Bumula na ndugu yangu atabaki na gongo. Nimekaa nikapiga hesabu: kibanda changu kikiuzwa na kila kilichomo, mguu utapatikana. Mnunuzi wa kibanda yupo. Ninachokosa ni kinywa. Nianze kwa nani, kwa Wekesa au kwa Simiyu? Na niseme mbele ya kile kikao kilichocheka, au faraghani? Aliyewahi kupita hapa aniambie haraka. Soko la ng'ombe ni Jumatano, na leo ni Jumapili.