Sura Isiyoshika Gundi

Hebu pata picha ya chumba cha nyuma cha fundi wa kujalidi vitabu, Kariakoo, saa nane mchana, kwenye joto la Februari. Fundi ni rafiki yangu Onesphory, mtu wa Rombo. Mezani pake kuna kitabu cha Kijerumani, historia ya divisheni moja ya askari wa miguu wa Prusia. Mwenyewe, mama Urmila wa Kisutu, anasafiri nacho jioni.

Mara tatu Onesphory alipaka gundi, na mara tatu karatasi za sura moja zikabanduka: sura ya askari waliopotelea kwenye theluji.

Mama Urmila akapiga simu. "Fundi, wiki ya pili hii. Ukisema kesho, nakuja kushona mwenyewe."

"Leo, mama, saa kumi. Sura moja tu inanitesa. Ina unyevu, sijui wa wapi."

Akabandika mara ya nne huku akisonya, akakibana kitabu kwa mbao. Umeme ukakatika. Feni ikanyamaza, na chumba kisicho na dirisha kikawa giza tupu. Ndipo akasikia majani yenye barafu yakikanyagwa, sauti aliyoijua tangu utotoni, kule mlimani kwao Rombo. Ilianzia mezani, ikampita polepole, hatua za watu wengi kwa pamoja, ikaishia mlangoni.

Umeme uliporudi, gundi ilikuwa imeshika. Sakafuni kulikuwa na alama za mabuti, zimejaa maji ya baridi kali. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: zote zilielekea nje.