Mwanafarasi Chini ya Hariri

Zama hizo mji wa Tandamwe ulikuwa umeshindwa vita na watu wa bara, ingawa washairi wake walikataa katakata kusema hivyo. Mateka arobaini walibaki mikononi mwa Mtemi Kalyamba wa Igunde. Mtemi, bwana wa makundi makubwa ya ng'ombe, alitaka kitu kimoja tu ili awaachie: farasi, mnyama ambaye yeye mtemi alikuwa hajapata kumwona kwa macho.

Akachaguliwa mwanafarasi mweusi, dume la mwaka mmoja na nusu. Wa kumpeleka alikuwa Mshamu, saisi, mtunza farasi wa zizi la mfalme, aliyempokea kwa mikono yake siku alipozaliwa. Ngwali, mdogo wake Mshamu wa tumbo moja, alikuwa miongoni mwa wale mateka. Mkuu wa msafara alikuwa Fumo Dafa, mwenye jambia la fedha na kilemba alichokifunga upya kila walipokaribia kijiji, hata kiwe cha vibanda viwili.

Kwa desturi ya Tandamwe, zawadi ya kifalme hufunikwa hariri tangu masikio hadi mkia kuikinga na husuda, na haifunuliwi ila na anayepewa. Tena ni mwiko kuitaja kwa ubaya njiani. Kwa hiyo watu hamsini wenye mikuki na ngao za ngozi ya kifaru walitembea siku ishirini na mnyama ambaye hakuna aliyemwona vizuri.

Siku ya nne walipita pori la mbung'o. Siku ya kumi na tatu Mshamu aliona nyasi zimebaki mdomoni mwa mwanafarasi, hazitafunwi. Kesho yake macho yalitoa machozi, na kile kichwa kilichozoea kumgonga begani kwa utundu kiliinama. Mshamu alipenyeza mkono chini ya hariri. Masikio yalikuwa ya moto, mbavu zimetokeza, na chini ya tumbo palikuwa na uvimbe uliobonyea na kubaki na alama ya kidole.

"Fumo," alisema, "huyu anaumwa. Tumvue nguo, tumpumzishe."

"Umekwisha kusema, usirudie. Tukirudi naye mgonjwa, nani atamtoa nduguyo?"

Mshamu akairudisha hariri mahali pake. Hakumwogopa Fumo, alimtaka Ngwali. Tangu hapo alimpoza mwanafarasi kwa maji, akamlisha uji wa mtama kwa kiganja, na penye vilima akamsukuma kwa bega huku akimwomba radhi. Naye mwanafarasi, kwa kuwa alimwamini, alikwenda.

Walifika Igunde mwanafarasi akiwa hai. Mtemi Kalyamba alishuka kitini mwenyewe, akafunua hariri. Aliinua mdomo wa mnyama, akatazama ufizi uliopauka, akaupapasa uvimbe bila haraka, maana alikulia zizini.

"Ugonjwa wa mbung'o," alisema. "Nani anamtunza?"

"Mimi, mtemi."

"Ulijua?"

Fumo Dafa alikohoa. Mshamu alisema, "Nilijua."

"Kwetu, aletaye mnyama mgonjwa husema langoni. Akisema, tunampokea, tunamuuguza, na ahadi inabaki ahadi. Asiposema, amekuja kuua ng'ombe zetu. Ungesema, saisi, leo ungeondoka na watu wako."

Akaamuru mateka wapelekwe ng'ambo ya ziwa, wasirudishwe tena. Mwanafarasi alikufa adhuhuri ile, kichwa kikiwa mapajani mwa Mshamu, na Mshamu alilia mbele ya watu wote.

Kitabu cha tarehe na habari za kale za Tandamwe kinasema tu kwamba mwaka ule farasi mmoja alikufa bara kwa uchovu wa safari. Hakisemi kwamba Ngwali aliruhusiwa kuja kuaga. Alikuja amefungwa kamba shingoni, akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya tumbo la mwanafarasi. Yeye naye alilelewa katika zizi lile lile.

"Ulimwona hivi siku ngapi, kaka?"

"Saba."

"Na hukusema kitu?"

"Nilikutaka wewe, Ngwali."

Ngwali aliwatazama wenzake waliopangwa mstari, wakimngoja.

"Nao nitawaambia nini?" aliuliza.

Walinzi wakaivuta kamba.